Laptopu na printa haziongei, ruta ni moja

Wakuu, nimekwama tangu jana. Laptopu ina anwani ya mtandao (IP) 192.168.1.7, printa nimeiandikia mwenyewe 192.168.10.20, maski zote 255.255.255.0. Waya upo, taa zinawaka, nikiping (kuijaribu kama inajibu) kimya. Nakosea wapi?

— Mkuu, hiyo ni mitaa miwili, yaani mitandao miwili tofauti. Kwa maski hiyo, namba tatu za mwanzo ndizo mtaa, ya mwisho ndiyo nyumba. Laptopu ikiona printa si ya mtaani kwake, inaukabidhi mzigo kwa ruta. Ruta nayo haiujui mtaa wa 10, inausukuma nje, unapotelea huko. Ipe printa 192.168.1.20.

— Ila hakikisha ruta haijaigawa hiyo 20 kwa kifaa kingine. Mimi iliniponza: simu na printa ziligombania anwani moja wiki nzima!

— Imekubali! Nami nilidhani ile 10 ni urembo tu.