Wauza marumaru na mafundi wa Dar mmetuchosha! Sakafu yangu imebanduka baada ya miezi saba

Wakuu, nawasalimu. Mimi ni msomaji tu humu, sina kawaida ya kufungua uzi, ila leo nina donge kooni na lazima nilitoe.

Nyumba yetu iko Kivule. Tumeijenga kwa kudunduliza miaka sita, mimi na mume wangu. Tulihamia ikiwa na sakafu ya niru, yaani saruji iliyolainishwa, tukaishi nayo bila shida. Mwaka jana mwezi Julai zamu yangu ya mchezo ikafika, tukasema hela hii tusiile, tuweke marumaru sebuleni, sehemu ya kulia chakula na koridoni. Ukijumlisha ni mita za mraba 46.

Nikaenda Kariakoo. Duka kubwa, muuzaji ana kauli nzuri, soda nikapewa. Akapiga hesabu mbele yangu: boksi la sentimita 60 kwa 60 lina vipande vinne, sawa na mita za mraba 1.44, kwa hiyo maboksi 32 yanatosha. Kwenye kikokotoo ni kweli yanatosha. Lakini hakuna sakafu inayowekwa bila kukata vipande vya pembeni na bila kipande kuvunjika! Anayeijua kazi huongeza asilimia 10, na zikiwekwa kimshazari huongeza hata 15. Yule mtu anauza marumaru kila siku ya Mungu, alijua. Alitaka bei yake ionekane ndogo kuliko ya duka la jirani, basi.

Fundi alipofika koridoni zikaisha. Nikarudi Kariakoo baada ya wiki tatu, nikauziwa maboksi manne mengine. "Zile zile, dada." Jina lile lile, picha ile ile. Zimeshashika ndipo mchana tukaona: za mwanzo nyeupe kama maziwa, za mwisho zimeingia umanjano. Nikaenda kuyaokota maboksi ambayo watoto walikuwa wameyatandika kwenye banda la kuku. Ubavuni kuna namba ndogo ya toleo na namba ya rangi. Hazifanani! Kiwandani kila mkupuo unaochomwa unaweza kutofautiana rangi kidogo, hata ukubwa kidogo, ndiyo maana wanaandika hizo namba. Muuzaji anazisoma, mnunuzi hajui hata kama zipo. Nilipompelekea picha akanijibu nibadilishe balbu.

Hilo la rangi ningelimeza. Lisilomezeka ni la fundi.

Fundi nilipewa na duka hilo hilo. "Huyu ni wetu, usihangaike." Bei kwa mita. Akaja na saidia fundi mmoja, ukiacha zile wiki tatu za kusubiri marumaru, siku nne kazi imeisha, na mimi nikamsifia kwa majirani kwamba ana mkono mwepesi. Marumaru zilikuwa zimebanana, huoni hata mstari. Nikadhani huo ndio ufundi.

Mwezi wa pili mwaka huu, lile joto mnalolijua, saa nane usiku tukasikia mlio kama mtu kavunja dirisha. Mume wangu akatoka na panga. Hakuna mtu. Mlio wa pili ukatoka chini ya miguu yake. Tulipowasha taa, safu nzima katikati ya sebule ilikuwa imeinuka, marumaru mbili zimeegemeana kama mapaa ya kibanda, zingine zimepasuka. Mwanangu mdogo hulala sebuleni kwenye mkeka kukiwa na joto. Usiku ule tu alikuwa kwa shangazi yake.

Asubuhi nikainua moja kwa mikono yangu. Haikuhitaji hata patasi, ilitoka kama sahani inavyotoka mezani. Chini kulikuwa na mabonge matano ya saruji, manne kwenye pembe na moja katikati, kila moja kama ngumi ya mtoto. Kwingine kote hewa tupu. Na mgongo wa marumaru ulikuwa safi, wakuu. Safi! Alama ya kiwanda inasomeka, mistari yake yote haina hata vumbi la saruji, kama imetoka kwenye boksi dakika ile. Miezi saba tumetembea juu ya kitu ambacho hakijashika popote.

Nikachukua sarafu nikaanza kugonga sakafu nzima nikiwa nimepiga magoti. Iliyoshika inatoa mlio mzito, mfupi. Yenye uwazi chini inalia kama debe. Nikaweka alama kwa chaki kila iliyolia kama debe, nikafika koridoni chaki imeisha.

Nimeuliza kila mtu anayejua, akiwemo kaka yangu aliyefanya kazi hiyo Kigamboni, na sasa naelewa nilichofanyiwa. Kwanza, niru ni nyororo, ilitakiwa ikwaruzwe kwa patasi ipate meno. Hakuigusa, alimwagia maji tu. Pili, zile ni poselini. Poselini hainywi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na huo ndio ubora wake, lakini kwa sababu hiyo hiyo saruji tupu haina pa kuingia ikashika. Inataka gundi yake ya mfuko, ipakwe chini kwa mwiko wa meno, na kwa marumaru kubwa kama hizo ipakwe na mgongoni pia. Gundi nilinunua mifuko! Sijui ilienda wapi, mabonge niliyoyakuta ni saruji na mchanga. Tatu, hakuacha nafasi. Aliweka Julai kwenye kipupwe, zikabanwa zenyewe kwa zenyewe na kwenye ukuta. Joto likija sakafu inatanuka, na isipopata pa kwenda inakwenda juu. Milimita mbili au tatu za grauti, ile saruji ya kuzibia mianya, kati ya marumaru na marumaru, na upenyo kidogo ukutani unaofichwa na skatingi, ule mkanda wa chini ya ukuta, vingeninusuru. Ile mibanano niliyoisifia ndiyo iliyoniponza.

Nikampigia. Kwanza akasema nyumba imetembea. Kisha akasema ni tetemeko. Kisha namba ikawa haipatikani. Dukani wakanionyesha maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi, na fundi si mwajiriwa wao. Wakati wa kunipa namba yake alikuwa wao!

Na bado sijasema bafuni. Huyo huyo muuzaji alinishauri niweke za kung'aa "zifanane na sebule". Mama mkwe wangu alikuja kutoka Lushoto kwa matibabu, akateleza siku ya pili, akajishika kwenye bomba likang'oka naye. Mkono ulivimba wiki mbili. Bafuni zinatakiwa zenye mkwaruzo, zile za daraja R10 au R11 la kuzuia kuteleza, hata mtoto wa dukani angepaswa kuliuliza hilo kabla ya kuuza. Na saidia fundi alisafishia mabaki ya saruji kwa asidi kali, bila kuipunguza makali, akaiacha mpaka jioni. Asidi inakula grauti maana grauti ni saruji. Leo sisimizi wanapandisha mchanga katikati ya marumaru za bafuni kila asubuhi, nafagia, kesho upo tena. Tangu hapo nasafisha kwa sabuni ya kawaida na maji basi, siki wala asidi havikanyagi kwangu.

Mtasema ulikuwa wapi wakati anaweka. Nilikuwa kazini, natafuta hela ya kumlipa. Na ningekuwepo ningeona nini, wakati sikujua kwamba natakiwa kumwambia fundi ainue marumaru moja mbichi nione mgongo wake umejaa au haujajaa? Hakuna dukani aliyeniambia. Wanajua kila kitu, wanakwambia bei tu.

Nimeandika malalamiko Tume ya Ushindani, nimeambatanisha risiti, picha za namba za maboksi na picha ya yale mabonge. Kama kuna aliyewahi kufuatilia kesi ya hivi hadi mwisho, naomba anieleze hatua alizopita.

Na anayemjua fundi upande wa Kivule, Kitunda au Banana anayekubali kulipwa kwa siku, si kwa mita, aniandikie. Nimeomba likizo. Nitakaa naye kuanzia marumaru ya kwanza.