Jirani anaweka esansi (petroli) karibu na mbabula (jiko la makaa): nimwambieje bila kugombana?

Mpangaji_Kadutu (Bukavu, Kongo)
Wapendwa, naomba ushauri. Tunakaa parsele (kiwanja) moja na mzee mmoja kadhafi, muuza esansi wa barabarani. Bidoni (madumu) zake zinalala ndani ya nyumba ya mbao, na nyuma ya ukuta huohuo mke wake anawasha mbabula kila jioni. Juzi alikuwa anamimina, watoto wamechuchumaa pembeni wanatazama. Nikamwambia, "Papa, huu ni uzembe." Akafoka: "Mimi mzembe? Mimi ninayeamka jogoo hajawika?" Tangu hapo hata salamu hapokei. Na Kadutu mnaijua, nyumba zimebebana mlimani. Ikishika moja zinakwenda zote.

Mwalimu_Nguba
Mzee amesikia "mvivu". Mzembe kwa watu wengi ni mtu wa kulala tu. Redioni wakisema "uzembe wa dereva", wanamaanisha hakujihadhari ilivyompasa, hata kama ni mchapakazi. Usimpe jina, mtajie tendo: "Papa, esansi na moto vimekaribiana mno, naogopea watoto."

Wakili_mdogo
Naunga mkono. Kifungu cha 52 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo, kitabu cha pili, hakiulizi uvivu. Kinamshika aliyeua au kujeruhi kwa kukosa kuona mbele au kujihadhari, hata bila nia mbaya. Ila usianze na sheria, atadhani unamtishia polisi.

Mama_Panzi
Maneno mtayapanga baadaye, jamani! Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini mpaka unakuta moto, si lazima esansi imwagike. Ongea na mama leo hii, mbabula ihamie upande wa pili wa parsele. Yeye ndiye anapika, na watoto ni wake. Bidoni zifungwe vizuri, zitoke ndani. Wekeni mchanga karibu. Maji yanautawanya moto wa esansi.

Mpangaji_Kadutu
Asanteni sana. Nakwenda kwa mama sasa hivi, kabla hajawasha. Na mzee akigoma kutoa bidoni nje kwa kuogopa wezi?

Mama_Panzi
Hofu yake ni ya kweli, ndiyo mtaji wake. Mwombeni mwenye parsele kona ya kujenga kibanda cha mabati chenye kufuli na matundu ya hewa, mbali na nyumba. Wapangaji wote mchangie. Mzee akikataa hata hapo, mwiteni shefu wa avenyi (kiongozi wa mtaa), na mwende pamoja, usiende peke yako.