Utando wa VO₂ kwenye spektrofotomita: mbona badiliko linatokea nyuzi 73 badala ya 68?

Utando100nm aliuliza:

Wakuu, nina utando wa vanadi dioksidi (VO₂) wa takriban nm 100 juu ya kioo cha slaidi cha mm 25 × 25, unene mm 1. Utando huu hubadilika tabia ukipata joto la kutosha, nami napima upitishaji wa mwanga kadiri joto linavyopanda kutoka nyuzi 25 hadi 95, ndani ya spektrofotomita (mashine inayopima mwanga unaopita kwenye sampuli) ya miali miwili, inayofika urefu wa mawimbi wa nm 2500.

Kipashio ni cha kujitengenezea: bamba la alumini la mm 40 × 40 × 6, tundu la duara la mm 10 katikati ili mwali upite, rezista ya ohm 10 yenye ganda la alumini kwenye ukingo, volti 12. Themokapo (kihisi cha joto) ya aina K imezamishwa ndani ya bamba, mm 8 kutoka kwenye tundu. Kioo kimeshikwa na kibanio kimoja kwa juu. Kidhibiti cha PID, kinachoongeza na kupunguza umeme wa rezista chenyewe, kinapandisha nyuzi 5 kwa dakika. Nikifika 95 nazima rezista na kuacha bamba lipoe lenyewe.

Kwenye nm 2500 upitishaji unaanguka kutoka asilimia 54 hadi 12, hapo sina wasiwasi. Lakini katikati ya mteremko ni nyuzi 81 wakati wa kupanda na 66 wakati wa kushuka. Wastani 73.5, upana 15. Kila mahali naona badiliko la VO₂ limeandikwa 68. Kosa ni la utando au la kipimo? Na kwa nini kwenye nm 550 sioni badiliko la maana?

Mwali_Pili:

Nianze na la mwisho kwa sababu ni jepesi: hiyo ndiyo tabia ya VO₂. Chini ya badiliko ni kama semikonda, juu yake ni kama metali, na umetali huo unaonekana zaidi kwenye infraredi. Kwenye mwanga wa macho tofauti ni ndogo. Kama ungeona badiliko kubwa kwenye nm 550 ningeshuku kioo kimehama.

Sasa namba zako. Tenganisha makosa mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza, kihisi kinasoma joto la mahali pasipo utando. Kosa hili halijali unapanda au unashuka: linasukuma mikondo yote miwili upande mmoja. La pili ni kuchelewa: utando unafuata bamba kwa nyuma. Hili linasukuma mkondo wa kupanda kulia na wa kushuka kushoto, kwa hiyo linapanua kitanzi (nafasi kati ya mikondo hiyo miwili) na kuacha wastani palepale. Wastani wako umesogea nyuzi 5 na ushee, na upana ni mkubwa. Unayo yote mawili.

La kuchelewa linapimika bila kununua kitu. Rudia kwa nyuzi 2 kwa dakika, kisha 1, halafu chora upana dhidi ya mwendo na uvute mstari hadi mwendo sifuri. Pale unapokata ndipo upana wa utando wenyewe. Mteremko wa mstari huo ni mara mbili ya muda wa kuchelewa.

Ila usizime rezista wakati wa kushuka. Bamba lako lina gramu kama 26, yaani joule 23 kwa kila nyuzi. Likiachwa hewani, linapofika nyuzi 65 linapoa kwa karibu nyuzi 4 kwa dakika, na mwendo unabadilika kila wakati. Kushuka kwa nyuzi 1 kwa dakika kunahitaji rezista iendelee kupewa umeme kidogo.

Tundu_Dogo:

Mwali_Pili kamaliza habari ya upana. Mimi nashika wastani, na mshukiwa wangu ni lile tundu la mm 10.

Sehemu ya kioo iliyo juu ya tundu haigusi alumini. Inapoteza joto kwa hewa pande zote mbili, na joto la kufidia lazima lisafiri kwa upande ndani ya kioo chenyewe kutoka ukingoni. Kioo ni kipitishaji duni, karibu W 1 kwa mita kwa kelvini (hiyo ndiyo k). Hesabu ya diski: pengo la joto kati ya ukingo na katikati ni q × a² ÷ (4 × k × t). Chukua upotevu wa W 10 kwa mita ya mraba kwa kelvini kila uso, jumla 20. Utando ukiwa nyuzi 45 juu ya joto la chumba, q, yaani joto linalopotea kwa kila mita ya mraba, ni W 900. Nusu kipenyo a ni mm 5, unene t ni mm 1. Jibu: nyuzi 5.6.

Yaani themokapo ikisema 73.6, katikati ya kioo ni 68. Ndiyo namba yako.

Pengo linakua kwa mraba wa nusu kipenyo, kwa hiyo tundu la mm 4 lingekuacha na nyuzi 0.9 tu. Tatizo ni kwamba mwali wa mashine nyingi ni mrefu wima na mwembamba. Weka mashine kwenye nm 550, ingiza karatasi nyeupe mahali pa sampuli, zima taa ya chumba, utaona doa la kijani. Likiwa refu, usitoboe duara. Toboa tundu la mstatili, mm 3 × 10: matundu matatu ya mm 3 yaliyoachana mm 3.5, kisha maliza kwa tupa nyembamba. Kwa tundu refu hesabu inakuwa q × b² ÷ (2 × k × t), b ikiwa nusu ya upana, mm 1.5. Unapata nyuzi 1, na mwali wote unapita.

Njia nyingine ni kuweka utando juu ya safiri (fuwele ngumu ya alumini oksidi) badala ya kioo. Inapitisha joto mara thelathini hivi zaidi na pengo karibu linapotea. Bei yake ndiyo mtihani.

Nyongeza muhimu kwa anayechanganya tungsteni ili kushusha badiliko: pengo hili si namba ya kudumu, linafuata umbali wa joto la utando kutoka joto la chumba. Kwa utando unaobadilika nyuzi 45 kwenye chumba cha 25, tundu lako la mm 10 linakosea nyuzi 2.5, kwa utando usio na tungsteni linakosea 5.6. Ukitoa moja kwa nyingine unajipa mshuko wa nyuzi 3 ambao haupo. Asilimia moja ya atomi za tungsteni hushusha kwa nyuzi 20 na kitu, kwa hiyo kosa hilo si la kupuuzwa.

Utando100nm:

Asanteni. Nimerudia nikiwa na tundu lilelile, safari hii kushuka nako kunadhibitiwa. Nyuzi 2 kwa dakika: kupanda 79.5, kushuka 67.5. Nyuzi 1 kwa dakika: 79 na 68. Wastani haukucheza. Nikichonga tundu jipya, naweza kutumia 68 ya vitabuni kurekebisha kinachobaki?

Mwali_Pili:

Upana 15, 12, 11 kwa mwendo wa 5, 2 na 1: mstari ulionyooka unaokata kwenye nyuzi 10. Huo ndio upana wa utando wako, na hauna ajabu. Fuwele moja huwa na nyuzi chache sana, lakini tando za chembe ndogondogo hufika 10 na zaidi. Mteremko ni nyuzi 1 kwa kila nyuzi 1 kwa dakika, kwa hiyo kuchelewa ni nusu dakika. Sababu kubwa ni kibanio kimoja: kioo kinainuka upande wa pili na hewa inaingia katikati. Weka vibanio vinne vya springi, vilaini, na pesti ya kupitisha joto kidogo sana kwenye kingo tu. Ikifika kwenye mwali utapima pesti. Usikaze kwa skrubu, kioo kitapasuka kikipata moto.

Kuhusu kutumia 68, hapana. Morin wa Bell Labs aliripoti badiliko hili mwaka 1959, na tangu hapo namba inayozunguka ni 68 au jirani yake. Ila utando una mkazo wake, una ukubwa wake wa chembe, na oksijeni ikizidi au kupungua kidogo badiliko linahama. Ukirekebisha kipimajoto ili utando usome 68, umeondoa kitu chenyewe ulichotaka kupima.

Fundi_Nyuzi:

Pima uso wa kioo kwa kitu kinachoyeyuka. Chukua kioo kitupu cha aina ileile, weka chembe ndogo ya asidi ya steariki halisi katikati ya tundu, pandisha nyuzi nusu kwa dakika huku ukiangalia kwa lenzi. Inayeyuka kwenye 69.3. Tofauti na kihisi chako ndiyo sahihisho, tena mahali hasa unapopahitaji. Asidi ya palmitiki, 62.9, inakupa nukta ya pili. Sharti ziwe za maabara: steariki ya watengeneza mishumaa na sabuni kwa kawaida imechanganyika na palmitiki na inayeyuka chini kabisa ya hapo. Naftalini ni 80.2, lakini vidonge vya kabatini siku hizi mara nyingi si naftalini, na vyovyote viwavyo mvuke wake utaganda kwenye vioo vya mashine. Fanya zoezi hili mezani, nje ya spektrofotomita.

Themokapo ya K ya kawaida ina ruhusa ya kukosea nyuzi 2.2. Badilisha uweke Pt100 (kihisi cha joto cha platinamu) daraja A, ambayo kwenye nyuzi 68 inakosea kama 0.3. Ukitaka kuihakiki kwa maji yanayochemka, kumbuka mwinuko: Dar ni 100, Nairobi ni karibu 94.

Tundu_Dogo:

Lingine ambalo halijatajwa ni PID kupitiliza. Kwenye vifaa vingi unapuuza nyuzi moja ya kupitiliza. Hapa huwezi, kwa sababu utando una kumbukumbu. Ukiwa kwenye mkondo wa kupanda, ukaagiza 76, bamba likaruka hadi 77.5 kisha likarudi, hauko tena kwenye mkondo mkuu. Umeingia kitanzi kidogo cha ndani, na upitishaji unaosoma ni wa 77.5 ingawa skrini inasema 76. Usipime kwa kuruka hatua za nyuzi 5. Agizo lipande polepole mfululizo, punguza sehemu ya I ya kidhibiti (ile inayolimbikiza makosa yaliyopita), na soma urefu mmoja wa mawimbi huku joto likitembea. Spektra kamili chukua mbili tu, kwenye 25 na 95, ambako hakuna kitanzi. Ukitaka spektra ya katikati, shuka kwanza hadi 40, panda upya bila kurudi nyuma, simama, ndipo uanze kusoma.

Mwali_Pili:

Naunga mkono, na nimalizie upande wa mwanga. Msingi wa asilimia 100 uchukue kipashio kikiwa ndani na kioo kitupu, maana tundu jembamba linakata sehemu ya mwali. Nishati ikipungua, kelele zinapanda: weka wavu wa chuma kwenye mwali wa rejea (ule wa pili usiopita kwenye sampuli) ili pande zilingane, na ongeza muda wa kusoma hadi sekunde 1 au 2.

Kisha ziba mwali kwa kadi nyeusi upande wa kuingilia, kipashio kikiwa nyuzi 95. Usomaji lazima uwe sifuri. Usipokuwa sifuri, kigunduzi kinaona mng'ao wa joto wa bamba lenyewe, na asilimia 12 yako ya chini si ya kweli. Ondoa kadi, toa kioo chenye utando, weka kitupu, na zungusha 25 hadi 95 mara moja. Mstari ukiteleza, kigunduzi cha PbS (salfaidi ya risasi, kinachosoma infraredi) kinapashwa na chumba cha sampuli. Hisia yake hubadilika sana na joto lake. Simamisha bamba juu ya vipande vya teflon na acha nafasi ya hewa ya mm 10 chini.

Halijoto ya badiliko soma kwenye kilele cha mteremko, dT/dθ (upitishaji T unavyobadilika kwa kila nyuzi ya joto θ), kila mkondo peke yake. Nusu ya urefu inapotoka pale mkia wa mkondo unapokuwa mrefu upande mmoja.