Re: Historia ya kitongoji chetu Old Moshi – Desemba tuanze na nini?

> Vijana wametawanyika, nyumba nyingi zina kufuli, wamebaki wazee. Hakuna kilichoandikwa. Desemba tunapanda nyumbani. Tuanzie wapi?

Ndugu, anzeni na wazee na ardhi, karatasi zitasubiri. Tembeeni kihamba kwa kihamba (shamba la ukoo la migomba na kahawa) na mzee anayejua mipaka, mkifuata masale, mimea inayopandwa mpakani. Kila kaburi kwenye migomba lipigeni picha mbili: ya karibu isomeke, ya mbali ionyeshe lilipo. Maandishi yaliyofifia yasomeni asubuhi au jioni, jua likiwa ubavuni. Saa sita herufi hazionekani. Msiyakwangue, saruji ya zamani inabanduka.

Kisha pandeni na mfongo (mfereji wa asili wa maji) hadi kwenye chanzo na muulize ni ukoo gani uliuchimba. Hapo ndipo mtajua nani walitangulia kufika.

Mzee msimuulize "mwaka gani?", atabahatisha tu. Muulizeni kwa matukio: kabla ya Uhuru au baada, vyama vya ushirika vilipovunjwa (1976), vita vya Kagera. Aongee Kichaga, mrekodi hivyo hivyo, tafsiri baadaye.

---

Naongezea upande wa karatasi, hasa kwa mlioko Ujerumani.

Misheni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani, ilifika Old Moshi 1896, na nyaraka zake zinatunzwa Halle, Franckesche Stiftungen. Waandikieni kabla ya kwenda, mtaje kituo na miaka. Tafuteni kwa tahajia yao: Moschi, Dschagga, Madschame. Barua za mkono ni mwandiko wa Kurrent, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi, kwa hiyo mtafute msomaji mapema.

Vitabu vya ubatizo ombeni kwa mchungaji usharikani. Shida kubwa humo ni majina: aliyebatizwa ukubwani anaweza kuonekana kwa jina la Kichaga huku na la ubatizo kule, mkahesabu watu wawili. Mlinganishe kwa jina la baba.

Msiiache kahawa. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ni ya 1933, na bei ilianguka 1989 mkataba wa kimataifa wa mgawo wa mauzo ya kahawa ulipovunjika. Daftari la wanachama la chama cha msingi, kama bado lipo, litawaonyesha ni lini familia ziliacha kuuza. Linganisheni na miaka vijana walipoanza kuondoka.

Tafadhali sana: mzee akitaja mpaka wenye ugomvi, sehemu hiyo msiisambaze. Inaweza kuibukia baraza la ardhi, na wazee wengine wakawanyamazia.

Nakala moja ibaki usharikani, nyingine kwa mtendaji wa kijiji.