Kibwawa cha nyuma ya nyumba kimegeuka mbuga: vyura, mbu, kenge na sasa nyoka. Naombeni ushauri

Baba Kulwa (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada maana usingizi wenyewe sina.

Nakaa Mapinga, njia ya Bagamoyo. Nyuma ya ukuta wangu kuna bonde lenye matete. Mwezi wa tano, masika ikiishia, nilichimba kibwawa cha mapambo hatua chache kutoka barazani: mita 3 kwa 2, kina sentimita 60, kingo za mawe, na yungiyungi nikapanda. Nikaweka perege wadogo 40 na wale wekundu wa mapambo 12. Miezi ya kwanza ilikuwa raha tupu, jioni nakaa na kahawa yangu natazama samaki, najiona tajiri.

Vuli ilipoanza kila kitu kikavurugika. Vyura wanaanza kwaya saa moja jioni hadi alfajiri. Asubuhi moja nakuta maji yamejaa viluwiluwi vyeusi, maelfu. Nikasema kumbe mbu wote wanaotutafuna ndani wanazaliwa hapa! Nikaenda duka la pembejeo, kijana akanipa dawa ya kupuliza. Nikapuliza jioni kwenye majani ya kingoni tu, majini sikugusa. Kulipokucha samaki 14 wanaelea tumbo juu. Mbu wako palepale.

Kuna ndege mrefu wa kijivu anakuja kila alfajiri, anasimama kimya kama mlinzi wa benki, kisha anaondoka na samaki wangu. Wiki iliyopita kenge wa kama mita moja katoka majini mchana kweupe, akapita mbele ya banda la kuku bila hata haraka. Juzi binti anayetusaidia kazi kaona nyoka wa kijani kwenye mawe ya kingo. Mama watoto kanipa mpaka mwisho wa mwezi kifukiwe.

Wakuu, nimeshazika karibu laki tisa pale. Kuna namna, au niite tu vijana wa kifusi?

Mzaramo Halisi

Mkuu wewe hujachimba kibwawa, umefungua mgahawa. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, kwako mamba tu ndiye hajafika.

Mtoto wa Ruvu

Acheni utani, mwenzetu ana shida. Baba Kulwa, kabla hujafukia nijibu kitu kimoja: hivyo viluwiluwi ni vya mbu au vya chura? Lugha yetu imevipa jina moja na watu wengi wanaponzwa hapo.

Chukua bakuli jeupe, chota maji ya pembeni taratibu, liweke chini na usilitikise. Kiluwiluwi cha chura ni cheusi, kichwa kikubwa kama punje ya kunde, mkia mmoja, kinatambaa chini kikila ukoga. Cha mbu ni chembamba kama kipande cha uzi, kinakaa juu kabisa maana kinavuta hewa. Wale wa kwenye makaro na madumu wananing'inia kichwa chini, wa malaria wanalala sambamba na uso wa maji. Ukipitisha kivuli cha mkono vinajikunja na kuzama, halafu baada ya muda vinapanda tena.

Nina wasiwasi umeua samaki kwa kosa la vyura.

Mama Nasra

Kaka pole. Kwenye chupa ya dawa tazama jina la kiambato. Likiishia na "thrin" basi ndiyo iliyokumaliza. Hizo ni ndugu wa pareto inayolimwa kule Mufindi, zimeigwa kiwandani. Mtu zikimpata kidogo hazimtishi sana, lakini samaki kiasi kidogo mno kinamuua, na umande au mvua ya usiku inatosha kuzisukumia majini. Usipulize tena karibu na hapo. Toa theluthi ya maji uweke mengine, rudia baada ya siku mbili tatu. Kama ni ya bomba yaache kwenye pipa lililo wazi usiku kucha klorini ipungue kwanza.

Na asije mtu akakwambia umwage mafuta ya taa au oili chafu. Najua watakuja.

Kipusa wa Tegeta

Oili chafu mkuu, nusu lita tu. Babu yangu alikuwa anafanya hivyo kwenye shimo la choo na mbu walikoma.

Mama Nasra

Nilisema. Shimo la choo halina samaki wala yungiyungi, ndugu yangu.

Fundi wa Mabwawa

Nafuga samaki, mabwawa matatu, naongea nilichokiona. Bwawa lenye perege wenye njaa halitoi mbu. Kule Kisii, Kenya, watafiti walirudisha sato kwenye mabwawa yaliyotelekezwa, na viluwiluwi vya mbu wa malaria vikapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kosa la wengi ni kulisha pumba mpaka samaki wanavimbiwa, na kuacha majani ya yungiyungi yafunike maji yote. Chini ya majani yaliyosongamana samaki hapiti, mbu anajificha. Punguza, nusu ya uso wa maji ibaki wazi. Chakula wape mara moja kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika tano.

Kama unaweza weka pampu ndogo ya kuzungusha maji. Ya wati 20 ikiwaka mwezi mzima bila kuzimwa inakula uniti 14 hivi za luku. Mbu hapendi kutaga kwenye maji yanayochezacheza.

Ukikuta bado wapo, tafuta kiuadudu cha kibiolojia, vile vya bakteria vinavyotengenezwa Kibaha. Kinaua kiluwiluwi cha mbu kikikila, samaki hakimgusi. Vyura nao hakiwadhuru, kwa hiyo kwaya itaendelea, usije ukanilaumu.

Huyo ndege wa kijivu ni kulastara. Hatui majini, anatua pembeni kisha anaingia kwa miguu, anatembea kwenye maji mafupi. Kwa hiyo tatizo ni kingo zako. Kama zimeteremka taratibu kama ufukwe umemjengea ngazi. Zifanye zisimame wima, na katikati chimba hadi mita moja hivi. Zungushia mshipi wa kuvulia, mistari miwili, mmoja kwenye goti lake na mwingine juu kidogo. Chini ya maji laza vipande vya bomba la inchi 6 au mitungi iliyovunjika shingo, samaki wapate pa kukimbilia. Sanamu za ndege hazifai kitu, siku ya nne anasimama juu yake.

Baba Kulwa

Fundi umenifumbua macho. Kingo zangu ni ufukwe kabisa, nilifanya hivyo ili zipendeze. Vipi kenge? Naruhusiwa kumpiga?

Askari Mstaafu

Taratibu kijana. Kenge ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuruhusu kuwinda bila kibali kwa sababu tu amekula perege wako. Akikusumbua kweli, nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri au ofisi ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori) iliyo karibu, ndiyo kazi yao. Na usimkamate kwa mikono, mkia wake ni fimbo na meno yake yana uchafu.

Mimi nilimshinda bila kumgusa. Kenge hafuati maji peke yake, bonde lako limejaa maji. Kwako anafuata mayai, vifaranga na mabaki ya jikoni. Okota mayai kabla ya saa sita, shimo la taka lifunike, banda liwe na wavu ulioingia ardhini sentimita 30 maana anachimba. Halafu zunguka ukuta wako polepole ukague matundu ya kupitishia maji ya mvua. Nakuhakikishia anaingilia hapo. Weka nondo au wavu wa chuma, maji yapite yeye asipite.

Nesi wa Zamani

Naomba niseme la nyoka kabla watu hawajaanza kutaja vitunguu saumu.

Nyoka kafuata vyura, na vyura wamefuata wadudu wanaozunguka taa yako ya baraza. Badilisha balbu nyeupe uweke ya rangi ya njano, au izime mkimaliza kula. Kata nyasi zote mita kadhaa kuzunguka kibwawa, ondoa rundo la matofali lililobaki kwenye ujenzi (usiniambie huna, kila nyumba ya Mapinga inalo), na ziba mianya kati ya mawe ya kingo kwa saruji. Kitunguu saumu, mafuta ya taa, chumvi, hayo nyoka anayapita.

Wa kijani anaweza kuwa ukukwi asiye na neno anayewinda vyura. Lakini ukanda wetu wa pwani una songwe wa kijani vilevile, anakaa kwenye miembe, na sumu yake ni ya kuua. Usijifanye mtaalamu wa kuwatofautisha kwa kuwasogelea. Usiku tembeeni na tochi na viatu. Mtu akigongwa: asichanjwe chale, asifungwe kamba ya kukaza, asiwekewe jiwe la kunyonya sumu. Atulizwe, kiungo kisichezeshwe, gari liwashwe hospitali.

Jingine hujauliza. Una mapacha, jina lako linasema. Wana umri gani? Maji ya sentimita 60 yanatosha kumzamisha mtoto wa miaka miwili bila kelele yoyote, na Fundi kakushauri uchimbe hadi mita. Uzio wa wavu wenye geti la komeo uje kwanza, kenge baadaye. Na wafundishwe wasikojolee humo hata kwa utani, konokono wa maji wakikaribia kichocho kinaanzia hapo.

Baba Kulwa

Wana miaka mitatu. Nimenyamaza kidogo niliposoma hapo. Kesho fundi wa kuchomelea anakuja kupima.

Msitu Wangu

Mkuu, ukiona povu jeupe kama la sabuni limening'inia kwenye tawi juu ya maji, usilibomoe. Kuna chura wa miti anataga ndani yake, watoto wakikua wanadondoka majini kama matone. Mimi niliwaamsha watoto wangu saa kumi na moja waone. Kelele zake hata hazisumbui, wanaopiga kelele ni wale wengine.

Baba Kulwa (wiki tatu baadaye)

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Uzio umekamilika, geti lina komeo. Kingo nimezisimamisha, kulastara kaja mara mbili, kasimama nje ya mshipi akatazama, kaondoka. Kenge kweli alikuwa anapita tundu la maji ya mvua, alama za kucha zipo kwenye saruji. Nimeweka nondo, tangu hapo sijamwona. Nyoka hajaonekana, ila nyasi nimefyeka na matofali nimempa jirani. Vyura bado wanaimba. Nimeanza kuzoea, wakinyamaza ghafla ndiyo naamka.

Sasa sikieni. Nilifanya jaribio la bakuli jeupe kama Mtoto wa Ruvu alivyosema. Kwenye kibwawa nimechota mara kumi, cha mbu hakuna hata kimoja. Vyote ni vya chura. Nikaona basi nipime kila penye maji ndani ya uwanja. Tenki lina mfuniko, safi. Ndoo za nje, safi. Nikafika barazani kwenye vyungu vya maua vya mama watoto, vile vyenye visahani chini, yeye humwagilia kila jioni na visahani havikauki. Visahani tisa. Saba vinacheza viluwiluwi vya mbu, vinaning'inia kichwa chini kama alivyoeleza, na mbu wenye mabaka meupe miguuni wamekaa palepale kwenye majani.

Ni maua yake aliyoyatoa kwa mama yake Lushoto. Na yeye ndiye aliyesema kibwawa kifukiwe. Naanzaje?

Nesi wa Zamani

Hao wa mabaka ndio wa dengi, wanauma mchana. Dar tumeugua 2014 na tena 2019. Visahani vimwagwe na kusuguliwa ndani kila wiki, mayai yao yanaganda ukingoni na hayafi yakikauka. Au jaza mchanga mpaka juu, maua yatapata unyevu wake na mbu hana pa kutaga.

Mzaramo Halisi

Weka mchanga saa nane usiku mkuu. Akiuliza sema ni mtindo mpya.

Mama Nasra

Mwambie ukweli, kaka, lakini mpeleke na bakuli jeupe mkononi. Na usicheke.