Setilaiti ya SO-50: naisikia kwa shida, nikiita haijibu. Nakosea wapi?

Fimbo_ya_Mpira ameuliza:

Wakuu, salaam. Leseni ya redio ya ridhaa ninayo, ripita (vituo vinavyopokea sauti na kuirusha upya) za ardhini nimezizoea, ila setilaiti inanishinda. Vifaa ni redio ya mkono ya bendi mbili, wati 5, na antena fupi ya mpira iliyokuja nayo. Nimeweka kupokea 436.795 MHz, kutuma 145.850 MHz, toni (mlio hafifu wa kufungulia ripita) 67.0 Hz. SO-50 ikipita nasikia vipande vya sauti kwa dakika moja au mbili ikiwa juu kabisa, kisha kelele tupu. Nikiita sisikii chochote kikirudi. Mara nyingine hata hao wengine hawasikiki mpito mzima.

Je, wati 5 hazitoshi? Au tatizo ni antena? Na hii habari ya toni mbili inafanyaje kazi?

---

Kebo_Fupi:

Mkuu, tuanze na toni. SO-50 ina saa ndani yake inayozima ripita baada ya dakika 10. Ikizimika, 67.0 Hz peke yake haiiamshi. Lazima mtu atume 145.850 kwa toni ya 74.4 Hz kwa sekunde mbili hivi, bila kuongea, ndipo saa ianze upya na 67.0 Hz ikubalike. Ule mpito ambao hakuna anayesikika huenda hakuna aliyeiwasha.

Pili, masafa ya kushuka hayatulii. Setilaiti inakuja kwako kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde, kwa hiyo kwenye 436 MHz athari ya Doppler inasogeza masafa karibu kHz 10 juu inapochomoza na karibu kHz 10 chini inapozama. Ukikaa 436.795 muda wote utaisikia katikati tu, ndivyo inavyokutokea. Kwenye 145 MHz msogeo ni kama kHz 3 tu na kipokezi cha FM kule juu kinauvumilia, kwa hiyo masafa ya kutuma usiyaguse.

Jaza chaneli hivi:

1. Pokea 436.800, tuma 145.850, toni 74.4 (ya kuamshia tu)
2. Pokea 436.805, tuma 145.850, toni 67.0
3. Pokea 436.800, tuma 145.850, toni 67.0
4. Pokea 436.795, tuma 145.850, toni 67.0
5. Pokea 436.790, tuma 145.850, toni 67.0
6. Pokea 436.785, tuma 145.850, toni 67.0

Anza na ya 2, shuka moja moja kadiri sauti inavyoanza kukwaruza. Zingatia kwamba mabadiliko hayaji kwa mwendo sawa: mwanzoni na mwishoni masafa yanakawia, katikati ya mpito wa juu yanaporomoka haraka. Chaneli ya 3 hadi ya 5 unaweza kuzipita ndani ya dakika chache.

Skwelchi (kizima kelele pasipo na mawimbi) weka 0. Kelele inaudhi, lakini skwelchi ikifunga itakula maneno ya mwanzo ya kila mtu.

---

Toni_Mbili:

Nyongeza ndogo kwa anayejaza chaneli kwa CHIRP (programu ya kompyuta ya kupangia redio): kwenye safu ya Duplex chagua "split", na kwenye Tone Mode chagua "Tone", si "TSQL". Ukichagua TSQL redio itasubiri toni hiyo kwenye mawimbi inayopokea pia, na isipoipata haifungui spika. Mtu anakaa chini ya setilaiti iliyojaa watu, akisikia kimya. Ukijaza kwa vitufe vya redio ni hivyo hivyo: toni upande wa kutuma tu, upande wa kupokea zima.

Pia angalia kama umeweka FM nyembamba. Ukiiweka, sauti yako itashuka ikiwa hafifu hata kama mawimbi ni mazuri.

---

Mlingoti:

Mimi naona suluhisho ni nguvu. Chukua redio ya gari ya wati 50, antena ya wima juu ya paa, utaingia tu.

---

Kebo_Fupi:

@Mlingoti hapo sikubaliani nawe, na hesabu iko wazi. SO-50 inatuma takriban mW 250, yaani robo wati. Redio ya mkono inatuma wati 5, mara 20 zaidi, ambazo ni dB 13 (desibeli, kipimo cha uwiano wa nguvu). Tena kwa antena zenye uwezo sawa, njia ya 145 MHz inapoteza dB 9.5 pungufu kuliko ile ya 436 MHz. Jumlisha uone: unachorusha kinafika kule juu kikiwa na afadhali ya dB 20 na zaidi kuliko kinachokushukia. Aliyeweza kuisikia, hata kwa shida, kwa kawaida yeye anasikika. Asiyesikia akiongeza wati anakuwa mtu wa kupiga kelele akiwa amejiziba masikio: anawafunika wenzake na hajui.

Na hapo ndipo kwenye ubaya. FM inampa nafasi mwenye mawimbi makubwa na kumfuta mwingine. Mmoja mwenye wati 50 asiyesikia anaharibu mpito wa bara zima.

Antena ya wima juu ya paa nayo ni nzuri setilaiti ikiwa chini karibu na upeo wa macho, lakini ikiwa utosini haioni kitu. Weka kebo nyembamba ya RG-58 ya mita 10 kati yake na redio, na kwenye 436 MHz zaidi ya nusu ya mawimbi yanaishia njiani.

---

Fimbo_ya_Mpira:

Nimeelewa, masikio kwanza. Sasa antena ipi, na nitajuaje kama nimeingia wakati redio ikituma haipokei?

---

Utepe_wa_Fundi:

Kama bado unayo ile ya mpira, angalau usiielekeze ncha kwenye setilaiti. Antena ya fimbo haisikii kitu upande wa ncha. Ilaze ili ubavu wake ndio uitazame setilaiti, halafu izungushe polepole. Setilaiti inajigeuza angani na polarizesheni (mwelekeo wa mtikisiko wa mawimbi) inageuka nayo, kwa hiyo kila baada ya sekunde kadhaa sauti inafifia. Usikimbilie kubadili chaneli, geuza kiganja nyuzi 90 kwanza.

Dawa yenyewe ni Yagi (antena inayolenga upande mmoja) ya mkono: elementi 3 za 145 MHz na 5 hadi 7 za 436 MHz kwenye mhimili mmoja, seti moja ikikingamana na nyingine kwa nyuzi 90. Ya 145 unaweza kuikata kwa utepe wa chuma wa kupimia wenye upana wa sm 2.5, juu ya bomba la PVC. Vipimo vinavyotumika sana ni hivi: kiakisi sm 105, elementi ya kati vipande viwili vya sm 45 vyenye pengo la sm 2.5, kielekezi sm 89. Kutoka kiakisi hadi elementi ya kati sm 20, kutoka hapo hadi kielekezi sm 32. Kwenye pengo funga waya wa sm 12 hadi 13 uliopindwa kama pini ya nywele, ukiunganisha vipande vyote viwili, pamoja na kebo. Wengi huusahau waya huu kisha wanashangaa SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena) iko juu ya 2. Rangi ya utepe ikwangue kabla ya kulehemu, risasi haishiki juu ya rangi. Rekebisha SWR kwa kubana au kupanua vipande vya elementi ya kati, si kwa kukata ovyo.

Kati ya antena mbili, ya 436 ndiyo ya kuitolea jasho. Ya kutuma ikiwa mbovu kidogo bado wati 5 zitakubeba. Ya kupokelea ikiwa mbovu hakuna cha kukuokoa.

Kuhusu kujisikia: ongeza kipokezi cha pili. Redio nyingine ya mkono inatosha, au dongo la RTL-SDR (kipokezi kidogo cha kuchomeka) kwenye kompyuta, ambalo zuri lake ni kwamba unaiona alama ya setilaiti ikihama kwenye skrini na Doppler haikushtukizi tena. Vaa spika za masikioni, vinginevyo sauti inayoshuka itaingia kwenye maikrofoni na kuanza kupiga mluzi.

---

Toni_Mbili:

Ukiweka kipokezi cha pili ndipo utakutana na mdudu mwingine: redio inakuwa kiziwi kila ukibonyeza kutuma. 145.850 mara 3 ni 437.550, yaani harmoniki ya tatu inaangukia kHz 755 tu kutoka unaposikiliza. Kwenye ripita ya kituo cha anga ISS hali ni mbaya zaidi: unatuma 145.990 (toni 67.0), unapokea 437.800, na harmoniki iko 437.970, umbali wa kHz 170.

Jipime kabla ya mpito. Tafuta mawimbi hafifu ya kudumu karibu na 436.8, sikiliza, kisha tuma kwenye 145.850. Yakizama, tatizo ni lako. Lakini kuna magonjwa mawili yanayofanana, na dawa zake ni tofauti. Kama ni harmoniki, inatoka kwenye redio inayotuma: weka kichujio cha kupitisha masafa ya chini kati yake na antena. Kama ni kipokezi kinachozidiwa na 145 yenyewe, basi kichujio cha kupitisha masafa ya juu kiwe upande wa kupokea. Dipleksa (kifaa cha kutenganisha bendi mbili) nzuri inafanya kazi zote mbili kwa pamoja. Ili kujua ni ipi, shusha nguvu hadi wati 1 na uzitenge antena mbali zaidi, kisha jaribu kichujio kimoja kimoja. Dongo la RTL-SDR lisilo na kichujio karibu siku zote ni ugonjwa wa pili.

---

Nyuzi_Tisini:

Mambo ya ratiba hayajaguswa. Gpredict kwenye kompyuta au Look4Sat kwenye simu zitakupa saa ya kuchomoza, azimuthi (upande wa dira) na mwinuko, ila zinategemea vitu vitatu: data za obiti (TLE) zilizo mpya, mahali ulipo, na saa sahihi. Setilaiti hizi huenda km 7.5 kwa sekunde. Saa ikikosea dakika moja umeikosa kwa km 450. TLE za SO-50 zikiwa na wiki moja hazina neno. Za ISS zichukue upya kila siku chache, maana kiko chini, hewa inakivuta na mara kwa mara kinasukumwa juu.

Chagua mpito wenye mwinuko wa juu wa nyuzi 30 hadi 70. Chini ya hapo umbali unakula mawimbi: ISS ikiwa utosini iko kama km 420, ikiwa kwenye upeo wa macho ni zaidi ya km 2,300, tofauti ya dB 15. Juu ya 70 nako kuna kero yake, inapopita utosini azimuthi inageuka ghafla na mkono unachelewa.

Mawasiliano yenyewe yawe mafupi. Subiri pengo, taja alama yako ya wito na gridi (msimbo wa eneo ulipo), nyamaza. Akikujibu, rudisha alama yake na gridi yako, basi. Kuita "CQ CQ CQ" (naita yeyote) kwenye ripita yenye chaneli moja ni kuwanyima wengine zamu. Kalamu iache, rekodi sauti kwa simu uandike baadaye kwa saa za UTC.

---

Fimbo_ya_Mpira:

Asanteni wakuu. Swali la mwisho: nina redio ya SSB (aina ya urushaji wa sauti tofauti na FM) ya bendi zote mbili. Setilaiti ya RS-44 inafaa kwa anayeanza, au nikimbilie ile ya QO-100?

---

Kebo_Fupi:

RS-44 inafaa, mradi uwe na kipokezi cha pili. Ni transponda ya mstari (inarusha upya kipande kizima cha masafa), watu kadhaa wanaongea kwa pamoja. Unapanda kati ya 145.935 na 145.995 kwa LSB (SSB ya upande wa chini), unashuka kati ya 435.610 na 435.670 kwa USB (ya upande wa juu), kinyume: ukipandisha ya kutuma, unayoisikia inashuka. Jumla ya masafa mawili ni 581.605 daima, kabla ya Doppler. Ukitaka kusikika 435.640, tuma 145.965, kisha ujitafute kHz 8 hivi huku na huku. FM marufuku humo, mtu mmoja wa FM anakula umeme wa wote. Bikoni (ishara ya setilaiti yenyewe) iko 435.605, sauti yako ikishuka ikiwa na nguvu kuliko bikoni, punguza wati. Unapozungusha masafa kwa mkono, fuata Doppler kwenye 435 na uiache 145 itulie.

QO-100 ni kitu kingine kabisa. Imetulia nyuzi 25.9 mashariki, haichomozi wala haizami, na inaona Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati. Ukiwa humo, kusikiliza ni rahisi: dishi la sm 60 hadi 90 na LNB (kichwa cha dishi) ya televisheni iliyopewa volti 13, si 18, kwa sababu sehemu ya SSB hushuka kwa polarizesheni ya wima. LNB yenye osileta ya 9750 inaigeuza 10489.5 MHz kuwa 739.5, unaisoma moja kwa moja na dongo. LNB ya kawaida huhama kadiri jua linavyoipasha moto, kwa hiyo rekebisha kwa kufuata bikoni au tafuta yenye TCXO (osileta isiyoyumbishwa na joto). Kutuma ndiko kugumu: GHz 2.4, wati chache, kebo fupi mno na polarizesheni ya mviringo ya kulia. Redio yako ya SSB haifiki huko bila transvata (kigeuza masafa).