Kazi Nazrul Islam: mshairi wa taifa asiyetunga wimbo wa taifa?

Mwanagenzi: Ndugu zangu, naomba mnitatulie jambo. Wimbo wa taifa wa Bangladesh ni utungo wa mshairi wa Kibengali Rabindranath Tagore, lakini mshairi wa taifa ni Kazi Nazrul Islam, aliyezaliwa mwaka 1899 katika kijiji cha Churulia, ambacho leo kiko India. Huyu Nazrul alifanya nini hata akapewa heshima hiyo?

Mzee Kalamu: Mwanagenzi, mpaka uliochorwa mwaka 1947 kuigawa Bengal, nchi ya Wabengali, kati ya India na Pakistan (upande wa Pakistan ndio Bangladesh ya leo), uliwakuta Wabengali wakiwa wameshaimba pamoja kwa karne nyingi, kwa hiyo usishangae mahali alipozaliwa. Tagore alitoka katika ukoo wa kitajiri. Nazrul alifiwa na baba angali mtoto, akaadhini msikitini, akaimba na kikundi cha maigizo ya vijijini, akafanya kazi kwenye duka la mikate mjini Asansol, kisha mwaka 1917 akaingia jeshini na kupelekwa Karachi. Shairi lake "Bidrohi", yaani "Mwasi", lilitoka mwaka 1922, na ndani yake neno "mimi" linarudi tena na tena kama ngoma: mara msemaji ni tufani, mara ameshika filimbi ya mwanzi mkono mmoja na tarumbeta ya vita mkono wa pili. Mwaka huohuo Waingereza walimkamata kwa shairi alilolichapa katika gazeti lake, "Dhumketu". Akiwa gerezani aligoma kula kwa zaidi ya mwezi mmoja, na Tagore, ambaye wengi hupenda kumfanya mpinzani wake, akamtabarukia tamthilia yake ya "Basanta".

Binti Diwani: Naongezea kwa idhini ya Mzee Kalamu, maana uasi peke yake haumtoshi. Nazrul alitunga nyimbo kwa maelfu, na mkono uleule ulioandika kasida za Kiislamu uliandika pia nyimbo za kumtukuza Kali, mungu wa kike wa Wahindu. Mkewe, Pramila, alitoka katika familia ya Kihindu, na mtoto wao wa kwanza waliyempoteza aliitwa Krishna Muhammad. Sijui kama kuna hoja aliyoitoa waziwazi kuliko jina hilo.

Mwanagenzi: Ahsanteni. Je, aliandika nini Bengal ilipogawanywa mwaka 1947, na Bangladesh ilipozaliwa mwaka 1971?

Binti Diwani: Hakuandika chochote. Mwaka 1942 maradhi yalimnyang'anya sauti na kumbukumbu, akaishi miaka 34 katika ukimya. Serikali ya Bangladesh ilimchukua kutoka Kolkata mwaka 1972 ikampa makao Dhaka, na huko alifariki tarehe 29 Agosti 1976. Katika wimbo wake mmoja alikuwa ameomba azikwe kando ya msikiti ili aisikie sauti ya mwadhini akiwa kaburini. Alizikwa kando ya msikiti wa Chuo Kikuu cha Dhaka.